Nilivyompeleka Baba ziwani Kipopo hadi samaki wakakubali

Mwaka jana kila niliyemuuliza alinijibu jambo moja: ukitaka samaki, fika ziwani kabla ya jua. Shemeji yangu alisema hivyo, jirani akasema hivyo, na Baba mwenyewe, ambaye safari ilikuwa yake, akasema hivyo. Nikatii. Ushauri huo ulitupotezea siku nzima na kumwachia Baba kikohozi cha wiki mbili, na mpaka leo nawasikia watu wa Lubumbashi wakipeana huohuo katikati ya mwezi wa saba.

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, chini ya lile bomba kubwa la moshi. Jumapili zake alizimalizia ziwani Kipopo, mwanzi wa kuvulia umefungwa kwenye baiskeli. Sasa magoti yamechoka, na wajukuu wake watatu samaki wanayemjua ni tomson anayetoka kwenye katoni akiwa jiwe la barafu. Nilitaka wamwone Nkambo wao, yaani babu yao, akivuta samaki mzima kutoka majini. Hilo tu.

Wengine waliniuliza kwa nini nisiende ziwa la Tshombe, liko hapahapa mjini, nauli kidogo. Kwa kupunga upepo, sawa, ni pazuri. Lakini mimi samaki wa kulisha watoto simtoi kwenye maji yanayopokea mifereji ya mitaa. Kipopo nayo ni ziwa la kutengenezwa na watu, ila liko nje ya mji, na samaki wana historia pale: Wabelgiji ndiko walikoweka mabwawa ya kuchunguza ufugaji wa tilapia miaka ya 1940, Lubumbashi ungali unaitwa Élisabethville. Baba aliwakuta wazee waliofanya kazi kwenye mabwawa hayo, na mengi anayoyajua kuhusu tilapia aliyapata kwao.

Basi safari ya kwanza, mwezi wa saba. Tulitoka nyumbani saa kumi usiku. Mnaokaa huku mnaijua baridi ya mwezi wa saba: mji uko mita kama 1,200 juu ya bahari, anga halina wingu, na joto lote la mchana hupotea usiku. Tulipofika, ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama blanketi, hata ng'ambo haionekani. Mwanangu wa mwisho, ana miaka sita, alikuwa amevaa masweta mawili na meno yanagongana. Nyungunyungu nilikuwa nimewatafuta siku mbili. Kiangazi ardhi ni kavu, nilichimba nyuma ya choo, nikachimba chini ya mgomba wa jirani, nikapata kumi na wawili wembamba kama uzi. Tukawatumbukiza mmoja mmoja. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Baba alikaa juu ya jiwe bila kusema, macho kwenye kile kipande cha tete kinachoelea, na hakikutikisika hata mara moja. Saa nne akaanza kukohoa. Saa tano nikasema inatosha, tukafunga vitu.

Tulipokuwa tunaondoka, kando ya matete, kijana wa miaka kumi na miwili hivi akavuta tilapia. Nikasimama. Hata hatujapita, akavuta wa pili. Nikaweka mzigo chini nikamfuata, nikamwuliza anatumia chambo gani. Akafungua kiganja: bukari, ugali wetu. Bukari ya jana, imebanwa kama udongo wa kufinyangia. Nikamwambia sisi tuko hapa tangu alfajiri na hatujapata kitu. Alinitazama kwa huruma kabisa.

“Mama, samaki naye eko na baridi sawa siye. Anangoyaka jua.”

Nilimrudia Baba na maneno hayo, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiyatafakari. Karibu na nyumbani ndipo akasema: zile Jumapili zake nzuri zilikuwa za mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati wa joto kali, kabla mvua haijashika. Wakati huo alfajiri ndiyo saa yenyewe, kwa kuwa mchana maji ya pembeni yanachoma. Tilapia hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata maji. Maji yakipoa, tumbo lake linapunguza kazi, na asiyeona njaa hafuati chambo. Kwa hiyo ushauri si wa uongo, ni wa msimu mwingine, na hakuna hata mmoja kati ya walionipa aliyeniuliza naenda mwezi gani.

Safari ya pili tuliifanya mwaka huu tarehe 1 mwezi wa nane, Siku ya Wazazi. Asubuhi tulikwenda makaburini kama watu wote, tukasafisha kaburi la Mama, tukaomba. Kipopo tulifika saa tano na nusu, jua limeshapanda. Hapakuwa na haja ya kumwamsha mtu usiku.

Chambo nilikifanyia majaribio nyumbani wiki nzima, na hapa najivunia. Bukari ya mahindi matupu haifai: ukiitia majini kwenye ndoana, inafumuka kabla hujahesabu thelathini. Nilipima kwenye glasi ya maji, mwanangu mkubwa akihesabu kwa sauti. Nikaongeza unga wa muhogo nusu kwa nusu, ikafika mia na kitu. Nikaweka sehemu mbili za muhogo kwa moja ya mahindi, nikaisonga ngumu mpaka mwiko unasimama, nikaiacha ilale usiku ndani ya kitambaa kibichi ili isifanye ganda. Asubuhi nikaikanda tena kwa mikono iliyooshwa kwa maji matupu, bila sabuni. Ile ilikaa kwenye glasi mpaka mtoto akachoka kuhesabu. Kidonge kiwe kama punje ya karanga, na ndoana ndogo, maana mdomo wa tilapia ni mdogo. Wengi wanaweka bonge, samaki anadonoa pembeni na kushiba bure.

Mahali pa kukaa alichagua Baba. Aliangalia upepo unasukuma maji kuelekea wapi, akasema twende huko, kwa sababu maji ya juu yaliyopata jua yanasukumwa upande huo. Kando ya matete, kina cha kiuno hivi. Akarusha kwanza pumba za mahindi, ngumi mbili, akangoja. Watoto niliwakataza kabisa kuingia majini, hata miguu. Maji yaliyotulia yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na dawa ya kichocho ni ghali kuliko kumkasirisha mtoto mchana mmoja.

Saa sita kasorobo kile kipande cha tete kilizama. Baba alivuta taratibu, mkono hautetemeki, na tilapia akatoka akimetameta, mpana kama kiganja changu na vidole vyote. Watoto walipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo wakageuka. Kati ya saa hiyo na saa tisa tulipata kumi na mmoja, saba wa Baba, watatu wa mkubwa, mmoja wa yule wa miaka sita, ambaye hakukubali wake uchanganywe na wengine. Wadogo wawili Baba aliwarudisha.

Mbabula, jiko letu la mkaa, nilikuwa nayo, makala (mkaa) nilinunua njiani ambako gunia ziko kila mahali na bei ni nafuu kuliko mjini. Chumvi, limau, pilipili. Bukari ya kula ilikuwa sufuria nyingine, na sombe (kisamvu) ya jana, na kipande cha kikanda, kile cha mizizi na karanga. Gharama yote, usafiri wa watu watano kwenda na kurudi, kuingia, makala, haikufika dola thelathini. Kitu kilichoniuma kulipia kilikuwa kiti cha plastiki cha Baba, maana mwenye gari alikihesabu kama abiria. Nililipa. Jiwe la mwaka jana sikutaka alikalie tena.

Baada ya kula, Baba aliwaeleza wajukuu kwamba joto likirudi, tilapia jike wa hapa hubeba mayai yake mdomoni, na vitoto vikianguliwa vinatoka kuogelea na kurudi humo vikiona hatari. Yule mdogo akauliza lini. Baba akahesabu kwa vidole.

“Mwezi wa kumi,” akasema, kisha akanigeukia mimi. “Wakati huo, mwanangu, ndiyo utaniamsha saa kumi usiku.”