Siku Kumi na Nne: Safari na Kliniki ya Masista Turkana

Gari la masista, wale wanaozungusha kliniki yao kwa wafugaji wa Turkana kila baada ya siku 14, hupakiwa Kitale, maana kisichonunuliwa Kitale hununuliwa Lodwar kwa bei nyingine kabisa. Tulipakia unimix, ule unga wa uji wenye lishe, mafuta ya kupikia, sabuni za kipande, betri na tairi la pili la akiba. Kutoka hapo hadi Lodwar ni yapata kilomita 300. Unapita Makutano ya Kapenguria kwenye baridi, unateremka njia ya Marich, na kabla hujafika Kainuk sweta imeshavuliwa. Kainuk ndipo Pokot Magharibi inapopakana na Turkana, na wizi wa mifugo umeua watu wengi upande huo. Kwa hiyo safari hupangwa ili Kainuk ipitwe jua likiwa juu, hata ikibidi kulala Kitale siku moja zaidi. Kisha Lokichar, na Lodwar jioni.

Masista wa nyumba ile ni wanne, na wawili ndio wa barabarani: mkunga kutoka Nigeria na muuguzi kutoka Kerala, India. Anayemngoja mmisionari wa Kizungu peke yake atangoja sana. Siku hizi wanaotumwa nchi za mbali ni mabinti wa Afrika na Asia. Shirika lao humpa sista mgeni miezi 6 ya kujifunza Kiturkana kabla hajashika sindano, na miezi hiyo haipotei bure. Kiswahili kinatosha dukani na kwa chifu. Kwa mama aliye kwenye awi, yaani boma la wafugaji, hakitoshi. Ukimweka mkalimani mwanamume amuulize mama habari za damu ya uzazi mbele za watu, utajibiwa kwamba yote ni mema.

Mtawa kuwa mkunga nalo si jambo la tangu zamani. Sheria ya Kanisa Katoliki iliwazuia watawa kufanya udaktari na ukunga. Anna Dengel, daktari Mwaustria aliyefanya kazi Rawalpindi, Pakistan ya leo, aliona wanawake wa Kiislamu wakikosa tiba kwa kuwa desturi haikuwaruhusu kuonwa na daktari mwanamume, na mwaka 1925 akaanzisha jumuiya yake Washington. Ruhusa ya Roma ilitoka Februari 1936. Mwaka uliofuata Marie Martin wa Ireland akaanzisha Wamisionari wa Tiba wa Maria huko Nigeria, na katika miaka ya 1960 masista wake wakawa wamefika Turkana, kabla hata Lodwar haijawa jimbo la Kanisa mwaka 1978. Kila mkunga mtawa anayeingia laga za huku, yaani mito mikavu, anatembea juu ya ruhusa ile.

Kazi yenyewe huanza usiku wa kuamkia safari, kwenye jokofu. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi huogopa joto tu, na Turkana joto linaogopesha kweli, lakini chanjo nyingi huharibiwa na baridi, tena bila mtu kujua. Pakiti za barafu zikitolewa kwenye friza zikatiwa moja kwa moja katika kisanduku cha kubebea chanjo, zile chupa za pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano), za nimonia na za pepopunda zinazogusana nazo huganda. Zikiyeyuka zinaonekana nzima, na mtoto anachomwa kitu kisichomkinga. Kwa hiyo saa 10 alfajiri muuguzi alizipanga pakiti 4 mezani akazisubiri. Kila baada ya muda aliinua moja akaitikisa sikioni. Aliposikia maji yakichezacheza ndani, barafu imeanza kuachia kuta, akazifuta kwa kitambaa, akazipanga pande nne za kisanduku, chupa katikati, kipimajoto kati ya chupa, sponji juu. Kutikisa huko ni kwa lazima. Penye haraka ndiyo hatua ya kwanza kurukwa, nami nimeshaona kituo kimoja kikimwaga chanjo za mwezi mzima kwa sababu aliyepakia alikuwa amechelewa gari.

Joto nalo lina alama yake. Kwenye kila chupa kuna duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, tupa.

Tuliondoka saa 11 na nusu, kuelekea magharibi. Baada ya lami kuisha dereva alisimama akapunguza upepo wa matairi hadi kama pauni 20, ili tairi litanuke na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Pampu ya kurudishia upepo lazima iwemo garini, kwa sababu tairi lililolegea likikimbizwa kwenye changarawe hupasuka ubavuni. Adui mwingine ni miiba ya etirae, mathenge kama unavyoitwa kwingine Kenya, mti wa kigeni uliofunga kingo za laga nyingi. Mwiba wake hupenya tairi nzima, na tundu lake ni dogo kiasi kwamba linapatikana kwa maji ya sabuni tu. Tairi moja la akiba halitoshi safari hiyo.

Laga ukiiona huwezi kuamini imewahi kuua mtu. Kwenye ile kubwa dereva alisema, "Sista, ngoja nishuke kwanza," akavuka kwa miguu, huku na huku, akikanyaga kwa nguvu. Mchanga ukiwa na unyevunyevu chini ya ukoko hushika gurudumu. Gari huingizwa na gia nzito tangu ukingoni, gia ya pili, mwendo mmoja, bila kubadilisha wala kufunga breki katikati. Ukisimama umezama. Na kabla ya kuingia hutazami juu ya kichwa chako, unatazama milimani: mvua ikinyesha huko, maji huja hapa chini ya jua kali.

Kituo cha kwanza kilikuwa mti wa ewoi, mgunga wenye kivuli kipana. Hakuna jengo, na ni sawa. Wafugaji wakihamia malisho mengine, kliniki inahamia mti mwingine. Mhudumu wa afya wa jamii, kijana wa hapo hapo, alikuwa amepitisha habari siku mbili kabla. Kamba ilifungwa kutoka gari hadi mti ili foleni iwe na upande mmoja: kupimwa, kuchanjwa, kuonwa na mkunga, kisha chakula. Chakula huwekwa mwisho kwa makusudi. Kikitangulia, watu huondoka nacho, na chanjo zinabaki kisandukuni.

Kupima utapiamlo wa mtoto ni utepe tu. Mkono wa kushoto hukunjwa, katikati ya ncha ya bega na ya kiwiko hutiwa alama, kisha mkono huachwa ulegee ndipo utepe uzungushwe. Chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, 11.5 hadi 12.5 ni wa wastani. Kosa la kawaida ni kuvuta utepe hadi ngozi ikunjane, na mtoto wa 11.7 akaandikwa 11.3, au kuuacha umelegea, na hilo ni baya zaidi, kwani anayehitaji tiba anarudishwa nyumbani. Kisha gumba hubonyeza nyayo zote mbili kwa juu, sekunde 3. Shimo likibaki, ni uvimbe wa njaa, na mtoto huyo anaingia kwenye tiba hata utepe ukisema mzima.

Alikuwepo mtoto wa kilo 7, mkono 11.1. Alipewa pakiti ya chakula tiba, ile ya karanga, gramu 92, akakaa kando na mama yake na kikombe cha maji. Lazima aile mbele ya muuguzi. Asiyekuwa na hamu ya kula, au anayetapika kila kitu, hatibiwi chini ya mti. Anapakiwa garini kwenda hospitali. Huyu alinyonya pakiti mpaka ikawa bapa. Kwa uzito wake ni pakiti 3 kwa siku, na kwa kuwa kliniki hurudi baada ya siku 14, mama alihesabiwa 42, pamoja na dawa ya amoksilini. Aliambiwa asitupe maganda, arudi nayo yote.

Maganda hayo ndiyo kalenda. Mama hasomi tarehe, lakini anajua pakiti zikiisha siku ya masista imefika. Na hapo ndipo mpango huu unapovunjika. Nyumbani kuna watoto wengine 3 au 4, nao wana njaa. Hakuna mama atakayemlisha mmoja karanga tamu huku wengine wakitazama, wala simlaumu. Pakiti zinagawanywa, siku ya 8 zimekwisha, mama anatembea hadi kwenye mti na hakuti mtu. Juma linalofuata amechoka, haji. Kwenye daftari anaandikwa mtoro, na anayesoma daftari hilo mbali huko anadhani ni uzembe. Masista walisoma maganda wakaelewa: tangu hapo nyumba yenye mtoto wa utapiamlo mkali hupewa pia unimix na mafuta kwa ajili ya ndugu zake. Wafadhili huona ni gharama ya ziada. Kwa maoni yangu bila unimix hiyo zile pakiti 42 ni dawa iliyotolewa nusu dozi.

Kwenye chanjo palikuwa na mtoto mmoja tu wa miezi 9. Chupa ya surua na rubela ina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hudumu saa 6, baada ya hapo inamwagwa. Muuguzi hakusita, akaifungua. Wenye kuhesabu chupa hulalamika kwamba dozi 9 zimepotea. Lakini familia ile ilikuwa njiani kufuata malisho, na ukimwambia mama aje siku wenzake watakapofika 10, umemwambia asije.

Mkunga alikuwa nyuma ya kanga mbili zilizofungwa mtini: shinikizo la damu, tumbo, vidonge vya madini ya chuma na foliki, sindano ya pepopunda. Mama mmoja alikuwa na kichwa kinachouma, miguu imevimba, na mashine ikasoma 160 kwa 110. Huyo hasubiri siku 14. Mazungumzo hayakuwa naye peke yake bali na mume na mama mkwe, kwa sababu mbuzi, watoto na maji vina nani wa kuviangalia? Sista alikaa chini mchangani nao, akaulizia kila kimoja mpaka kikapata mtu. Ukisema "mpeleke hospitali" ukaondoka, hapelekwi.

Maji ya kunywa huchotwa kwenye visima vya kufukua ndani ya laga. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 ni cha jerikeni ya lita 20, subiri nusu saa. Maji yakiwa na tope huchujwa kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa, maana tope hula dawa kabla ya vijidudu. Wengi huviacha kwa sababu ya harufu, basi masista hutengeneza jerikeni ya kwanza papo hapo na kuanza kuinywa wenyewe. Waliulizia pia mbwa. Turkana iliwahi kuandikwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa wa haidatidi, ule uvimbe wa maji kwenye ini unaotokana na mayai ya mnyoo wa mbwa, na mbwa hapa hulala na watoto. Mbwa hupewa prazikwanteli, dawa ya minyoo, na viungo vya ndani vya mbuzi aliyechinjwa, hasa ini na mapafu, huzikwa au kuchomwa.

Tulifunga saa 8, mama mjamzito akiwa kiti cha mbele. Laga kubwa tuliyoivuka asubuhi ilikuwa imejaa ukingo kwa ukingo, maji ya kahawia yamebeba matawi, na juu yetu hapakuwa na wingu. Dereva alivunja kijiti akakichomeka penye mwisho wa maji. Hakuna kingine cha kufanya. Anayejaribu kwa sababu ya mgonjwa humpoteza mgonjwa na gari. Mkunga alimlaza mama kwa ubavu wa kushoto kwenye mkeka, akampa sindano ya salfeti ya magnesia ya kuzuia degedege, akawa anapima shinikizo na pumzi. Muuguzi alifungua kisanduku mara moja tu kusoma kipimajoto, 6, akakifunga na kukisogeza chini ya gari kwenye kivuli.

Baada ya saa moja kijiti kilikuwa bado kinaguswa na maji. Baada ya saa 2 kilikuwa hatua moja mbali, na dereva akachomeka cha pili. Kilipofika cha nne alivua viatu akaingia. Maji magotini, chini mchanga mgumu. Tulivuka saa 12 na nusu, taa zimewashwa. Lodwar tulimwacha mama mikononi mwa wakunga wa hospitali ya kaunti, na nyumbani muuguzi akarudisha chupa ambazo hazijafunguliwa jokofuni, kila moja ameitia alama ya kalamu kuonyesha imeshatoka mara moja, ili ndizo zitangulie kutumika safari ijayo. Ile ya surua ilikuwa imepita saa zake. Aliimwaga, akaandika, kisha akahesabu unimix iliyobaki: magunia 2, na nyumba za kupewa ni 11.