Glasi ya inchi nane

Jana jioni tangazo la hali ya hewa limetoka tena: mvua kubwa, zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Binti wa kaka yangu akaniuliza, "Shangazi, milimita 50 si urefu wa kidole tu? Wanatutisha nini?"

Nikamwambia achore uani mraba wa mita moja kwa mita moja. Kila milimita inayoanguka humo ni lita moja, kwa hiyo 50 ni lita 50, ndoo mbili na nusu za lita 20. Paa letu linafunika mita za mraba 40 hivi (pima sakafu inayofunikwa, usipime mteremko wa bati), basi ni lita 2,000. Toa zinazoruka mfereji na zinazokaukia juu ya bati, hesabu 1,700. Tangi letu ni la 1,000. Na eka moja, yenye mita za mraba 4,047, inapokea zaidi ya lita laki mbili kwa usiku huo mmoja. Akanyamaza, akaenda kuangalia mfereji.

Mimi nikabaki na Mzee wa Mvua kichwani, yule msoma kipimamvua wa shamba la chai kule Usambara, nilikokuwa ofisini.

Ilikuwa masika ya 1999. Glasi ya kupimia mvua ilikuwa imepasuka kwenye karo mwezi Februari, na nyingine ikaletwa kutoka mjini pamoja na majembe na mabuti. Aprili ikafungwa kwa milimita 84.2. Meneja alikuwa na kanuni yake: mbolea haitiwi mpaka kitabu kionyeshe udongo umelowa vya kutosha. Kanuni si mbaya, mbolea kwenye udongo mkavu ni hasara. Basi mifuko ikakaa stoo, na vibarua wa mbolea hawakupangiwa kazi. Wakati huohuo lori la majani lilikuwa linanasa kwenye tope kila likitoka kiwandani, na hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Aliyeyaweka ni Mzee. Aliingia ofisini na vitabu viwili, kipya cha milimita na cha zamani cha inchi, ambacho mvua imeandikwa kwa mia za inchi: 0.07, 1.32, namna hiyo. Nikamwamkia, akaitikia huku anafungua kurasa.

"Themanini na nne mara nne," akasema.

Hiyo ndiyo njia yake ya kugeuza milimita kuwa inchi bila karatasi. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukizidisha milimita kwa nne na kugawa kwa mia, umegawa kwa 25. Jibu linazidi kidogo, unalipunguza kama asilimia moja na nusu. 84.2 mara nne ni 336.8, yaani 3.37, ukipunguza unapata inchi 3.3. Kitabu cha zamani hakikuwa na Aprili hata moja chini ya sita.

"Aprili ya inchi tatu, mwanangu, hii tope imetoka wapi?"

Tukaenda kwenye kipimamvua, kopo linalokusanya mvua kwenye chupa ya ndani kabla ya kumiminwa kwenye glasi. Mdomo ulikuwa sentimita 30 kutoka ardhini, umelala sawa. Akaupima kwa rula mara mbili, kwa njia ya msalaba: 12.7 huku na 12.7 huku, kwa hiyo haujabonyea. Mdomo uliobonyea huwa yai, na eneo linapungua bila mtu kujua. Hakukuwa na mti wala jengo karibu kuliko mara mbili ya urefu wake. Akajaza chupa ya ndani, akaiweka juu ya gazeti. Gazeti likabaki kavu. Nikauliza kama labda tarehe zimekosewa, maana mvua inayosomwa saa tatu asubuhi huandikwa kwenye tarehe ya jana, na wengi huisahau hiyo. Akasema kosa la tarehe huhamisha mvua kutoka siku moja kwenda nyingine. Jumla ya mwezi haiwezi kuila namna ile.

Ikabaki glasi. Kwa kweli ilikuwa pana kuliko ile iliyopasuka, lakini nani anatilia shaka kitu kipya chenye mistari iliyochorwa kiwandani?

Akanituma zahanati nikaombe sindano ya mililita 20, isiyo na ncha. Hesabu yake ilikuwa fupi. Mdomo wa sentimita 12.7 una nusu kipenyo cha 6.35, 6.35 mara 6.35 mara 3.14 ni sentimita za mraba 126.7 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya sentimita moja ya mraba ni mililita 0.1. Kwa hiyo milimita 10 za mvua kwenye kipimamvua kile ni mililita 126.7 za maji.

Akaiweka glasi juu ya ukuta wa karo, akainama mpaka jicho likawa usawa wa mistari. Sindano ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Kila mara aligonga kiputo cha hewa kitoke kwanza, maana hewa ndani ya sindano nayo inahesabika kama maji. Sita zikajaa. Ya saba akaisukuma pole pole, akaacha ilipotoa karibu mililita saba. Uso wa maji kwenye glasi hupanda kidogo kando, na anayesoma pale kando anajiongezea mvua isiyonyesha. Unasoma chini, katikati. Alikaa ameinama hivyo muda mrefu, kisha akanisogezea nafasi bila kuniambia alichoona.

Glasi ilisema 3.9.

Mililita 126.7 gawa kwa 3.9 ni kama 32.5 kwa kila mstari wa milimita. Mistari ya glasi huchorwa kwa ukubwa wa mdomo mmoja, na hii ilikuwa ya mdomo wenye sentimita za mraba 325, na duara lenye eneo hilo lina kipenyo cha sentimita 20.3. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kutafuta kipeuo cha pili Mzee alipoitazama 20.3 yangu.

"Hiyo ni inchi nane. Chetu ni cha tano."

Hapo milimita zikawekwa kando, maana kwa inchi hesabu inakuwa nyeupe: nane mara nane 64, tano mara tano 25, 64 gawa kwa 25 ni 2.56. Kila kilichosomwa tangu Februari kizidishwe kwa 2.56. Aprili ikatoka 84.2 ikawa 215.6, inchi nane na nusu.

Kusahihisha kitabu ndiko kulikokuwa na ugumu. Hatukufuta kitu, namba mpya iliandikwa kwa wino mwekundu pembeni, na sababu juu ya ukurasa. Lakini glasi inasomwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, na kila sehemu ya kumi sasa ilikuwa 0.256. Hakuna namba katikati. Mzee akacheka alipogundua kwamba mia moja ya inchi ni milimita 0.254: glasi ya makosa ilikuwa imeturudisha kwenye usahihi uleule wa kitabu chake cha zamani. Hesabu ya siku za mvua nayo ikabadilika, kwa sababu siku inahesabiwa kuanzia milimita 1.0, na kila 0.4 tuliyoiacha kando ilikuwa 1.02. Zile za 0.0 hazikuwa na dawa. Sufuri mara 2.56 ni sufuri, hata kama kulinyesha manyunyu.

Ripoti za Februari na Machi zilikuwa zimeshakwenda. Tuliandika barua ya masahihisho, haikujibiwa.

Mbolea ikaanza kutiwa wiki iliyofuata. Habari za 2.56 zilifika kwa vibarua, na mmoja akaja dirishani kuuliza kama na siku zao za kazi zitazidishwa. Meneja alicheka sana, akadhani ni mzaha. Yule hakuwa anatania.