Harufu ya siagi

Jamani, hili siwezi kukaa nalo. Nimefanya kazi miezi minne kwenye kiwanda kidogo cha bisi hapa Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya unga wa ladha ya siagi na mafuta ya moto. Ukifunua ndoo tu, vumbi la njano linakupanda usoni, utamu unausikia hadi kooni. Jioni mtandio wangu ulinukia keki, mwanangu akawa anajifunika nao.

Kikaja kikohozi kikavu. Kile kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga nikawa nakipanda kwa kusimama mara mbili, mimi niliyezoea kukipanda na ndoo ya dagaa kichwani!

Ile harufu mara nyingi hutokana na kemikali iitwayo diasetili. Kuila kidogo kwenye chakula si shida, shida ni kuvuta mvuke wake kila siku. Mwaka 2000 kule Missouri, Marekani, waliripotiwa watu 8 waliowahi kufanya kazi kiwanda cha bisi, vijia vyao vidogo vya hewa mapafuni vimeingia makovu. Makovu hayo hayafutiki.

Mimi nimeacha, kifua kinarudi taratibu. Dada zangu mliobaki pale, barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Daini feni ya kutoa hewa nje, na kikohozi kisipoisha nendeni mkapimwe, mkamwambie daktari mnachochanganya.