Jedwali la Cecilia Payne

Kuna sentensi ya mwaka 1925 imenikaa kooni juma zima. Aliiandika Cecilia Payne, binti wa Kiingereza wa miaka 25 hivi, katika tasnifu yake ya udaktari wa falaki, elimu ya nyota, kule Harvard. Anasema humo kwamba hidrojeni na heliamu alizozipata kwenye nyota ni nyingi mno, na karibu kwa yakini hesabu hiyo si ya kweli. Hesabu yenyewe ilikuwa kweli tupu.

Alianza na mimea. Alipoingia chuo cha Newnham, Cambridge, mwaka 1919, botania ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Kisha rafiki yake mmoja akashindwa kwenda kwenye mhadhara wa mwanafalaki Arthur Eddington, tiketi ikamwangukia yeye. Eddington alikuwa ametoka kisiwa cha Principe, huku huku kwetu Afrika, upande wa magharibi, alikokwenda kupiga picha za kupatwa kwa jua ili kuijaribu nadharia ya Einstein. Cecilia akarudi chumbani akauandika mhadhara karibu neno kwa neno. Botania ikaishia hapo. Kwenye darasa la mwanafizikia Rutherford alikaa mstari wa mbele peke yake, maana ndiyo iliyokuwa kanuni kwa wanawake, na profesa akifungua somo kwa "Mabibi na mabwana" humkazia macho yeye, wavulana nao hupiga makofi na kugonga sakafu kwa miguu. Alimaliza masomo, shahada hakupewa. Cambridge ilikuja kuwapa wanawake shahada mwaka 1948! Yeye mwaka 1923 alikwisha kwenda zake Marekani.

Harvard kulikuwa na hazina ya picha za nyota kwenye vioo, zilizopangwa kwa miaka na wanawake kama Annie Jump Cannon. Mwanga wa nyota ukitawanywa rangi rangi, huonekana na mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake. Hata jikoni utaliona jambo hili. Sufuria ya wali ikifurika, maji ya chumvi yakadondokea moto wa gesi, ule ubuluu hugeuka manjano papo hapo. Hiyo ni sodiamu inajitangaza. Basi wataalamu waliona mistari ya chuma na kalsiamu imekoza kwenye mwanga wa jua, wakaamua kuwa jua limeumbwa kwa vitu vya ardhini, tena kwa kiasi kile kile.

Payne akachukua mlinganyo wa Meghnad Saha, Mhindi, wa mwaka 1920, unaoonyesha jinsi joto linavyozivua atomu elektroni zake. Ukiwa barazani ukasikia vigelegele vya harusi, hujui wageni waliomo ndani ni wangapi. Wajua tu kuna waliopandwa na furaha. Na mistari ndivyo ilivyo. Kwenye joto la uso wa jua, ni atomu chache mno za hidrojeni zinazoweza kuchora mistari tunayoiona. Akipiga hesabu ya zile zilizonyamaza, hidrojeni inatoka karibu mara milioni ya metali. Tarakimu hizo akazipanga kwenye jedwali.

Kazi ikapelekwa kwa Henry Norris Russell wa Princeton, mkubwa wa fani hiyo Marekani. Akajibu kwamba haiwezekani. Ndipo ikaandikwa ile sentensi. Mwaka 1929 Russell mwenyewe akafika pale pale kwa njia nyingine. Alimtaja Payne, lakini sifa nyingi zikamwendea Russell.

Kisa hiki huhadithiwa kama cha mwanamke aliyezibwa mdomo. Mimi sikubali moja kwa moja. Lile jedwali hakulifuta. Hidrojeni imo, heliamu imo, tarakimu zake ziko wazi kwa yeyote ajuaye kusoma. Maneno aliwapa wakubwa, hesabu akabaki nayo.

Nina sababu zangu za kuling'ang'ania hilo. Kazi yangu ni kupima maji ya visima, na pwani yetu mwaijua: ukivuta maji mno, bahari nayo hujisogeza. Juzi ripoti imerudi, naombwa kwa adabu zote kwamba "yana chumvi" iwe "huenda yana chumvi". Mkubwa wangu si mtu mbaya, ana mteja wa kumridhisha. Nimelizungusha kichwani kwenye feri ya Likoni asubuhi na jioni, huku nimebanwa baina ya mkokoteni na mwenye magunia ya mihogo. Hiyo "huenda" wakiing'ang'ania, watabishana na jedwali wenyewe. Tarakimu hazitoki.

Yaliyobaki nilimsimulia mamangu wakati wa chai. Kwamba kwa miaka Payne alifundisha Harvard bila masomo yake kuandikwa kwenye orodha ya chuo, na mshahara wake ukitolewa kwenye fungu la vifaa. Mama akauliza, "Vifaa? Kama viti?" Kama viti, mama. Aliolewa na Sergei Gaposchkin, Mrusi mkimbizi, wakazaa watoto watatu, wakapima nyota pamoja. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1956, na uongozi wa idara juu yake.

Mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya kufariki, wanafalaki wa Marekani walimtunuku heshima yao kubwa. Heshima hiyo ina jina la Henry Norris Russell.

Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Na akaenda kuichukua?"

Akaenda, mama. Tena akahutubia.