Swali la bosi na ukimya wa fundi

Nilikuwa mwaka wangu wa tatu kiwandani hapa Higashi-Osaka, Japani, pale mkurugenzi wetu alipoanza kutuita mmoja mmoja chumba cha juu. Dakika 30 kila baada ya wiki mbili, mlango umefungwa, mezani vikombe viwili vya mugicha, ile chai yao ya shayiri. Wajapani mazungumzo haya wanayaita wan on wan, kutoka Kiingereza, yaani ya watu wawili ana kwa ana. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya ukocha wa biashara, na karatasi ya maswali ilikuwa mbele yake: Unataka kufika wapi? Nini kinakuzuia? Wewe mwenyewe unaonaje?

Mimi nilijibu mpaka muda ukaisha. Aliyenifuata ni fundi wetu mkongwe wa mashine ya kukereza vyuma, mtu wa miaka 61, aliyeajiriwa na baba wa huyu mkurugenzi. Kila alipoulizwa alijibu neno moja: tokuni, yaani hakuna la kusema. Jioni tukitembea kuelekea kituo cha treni akaniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi nimeambiwa nijiandae kuondoka. Nilishtuka. Akasema, mkubwa akikuuliza unataka nini, maana yake ulichonacho kinachukuliwa. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua mkurugenzi alikuwa na nia njema kabisa.

Ukocha wa maswali ulikomaa Marekani. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lilianzishwa huko mwaka 1995, na kabla muongo ule haujaisha, makocha walikuwa wanafundishwa Tokyo. Msingi wake ni kwamba jibu analo anayeulizwa, na kazi ya kocha ni kuliibua. Msingi mzuri, naukubali. Ila unamtaka mdogo amtazame mkubwa usoni na kumfungulia moyo. Mfanyakazi wa Kijapani amelelewa kwenye horenso: toa ripoti, arifu, omba ushauri. Neno linapanda kutoka kwake kwenda juu. Swali likishuka kutoka juu, yeye huliona ni mtihani, au ni karipio lililofunikwa.

Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Baba hamwiti binti yake chumbani akamuuliza ndoa inaendaje. Yupo shangazi, yupo somo, na kwenye posa yupo mshenga. Hata kanga husema lile ambalo mdomo unaona haya kulitamka.

Mzee mwanzilishi wa kiwanda alikuwa na njia yake. Kwa miaka mingi alihudhuria Seiwajyuku, shule ya wenye biashara iliyoanzia Kyoto mwaka 1983 chini ya Kazuo Inamori, mwanzilishi wa kampuni ya Kyocera, ikafungwa mwishoni mwa 2019. Inamori aliamini konpa: watu wanakaa pamoja, chakula katikati, vinywaji vinamiminwa, kazi na maisha vinazungumzwa kwa pamoja. Mwaka 2010, akiwa na miaka 78, aliitwa kuliokoa shirika la ndege la Japan Airlines lililokuwa limefilisika. Aliwakalisha mameneja darasani, akawafundisha mpaka maswali ya utu na uadilifu, kisha wakanywa bia pamoja. Septemba 2012 hisa za shirika zilirudi soko la Tokyo. Bila shaka yapo mengine yaliyoliokoa, yakiwemo madeni kufutwa na maelfu ya watu kupunguzwa kazi. Lakini pale mezani mdogo alipata nafasi ya kusema bila kuitwa.

Sisemi turudi kwenye konpa. Mimi pombe situmii. Wenzangu wenye watoto wadogo saa kumi na mbili wanakimbilia kuwachukua. Na maneno ya mkubwa aliyekunywa yameumiza wengi. Tangu Juni 2020 sheria inazilazimisha kampuni kubwa kuzuia unyanyasaji wa wakubwa kazini, na Aprili 2022 ikafika kwa viwanda vidogo kama chetu.

Nimewauliza pia wenzangu wa nchi nyingine. Mthai mmoja alinifundisha neno kreng jai, kumstahi mtu hata usithubutu kumsumbua, kwa hiyo kocha anajibiwa ndiyo kwa tabasamu na hajui lolote. Dada wa Kifilipino akasema kwao ni hiya. Nikamwomba arudie, maana nilisikia haya yetu, na alipoeleza maana niliona ni ileile kasoro kidogo. China kocha ni jiaolian, neno hilohilo la mwalimu wa udereva na kocha wa mpira. Mtu wa namna hiyo unatarajia akuoneshe breki ilipo, siyo akuulize unajisikiaje.

Mkurugenzi wetu hakuacha. Aliiweka ile karatasi kabatini, akaanza kushuka mwenyewe saa nne asubuhi. Anasimama ubavuni kwa fundi, wote wawili wanatazama mashine, mkononi kashika kipande cha jana kilichorudishwa. Hiki kilikataa wapi?

Siku ya kwanza nilikuwa meza ya pili, nikasikia. Fundi alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chuma, taratibu, akamshika mkurugenzi mkono ili naye apapase palepale. Akaeleza habari ya kisu kipya cha kukatia kinavyotetema. Kutoka kwenye kisu akafika kwenye jicho lake la kushoto, kwamba siku hizi mwanga haumtoshi. Kisha, bila kuulizwa, akasema angependa kumrithisha mtu mkono wake kabla hajastaafu. Yote yaliyotafutwa chumba cha juu yakatoka pale, chuma kikiwa ndiye mshenga.

Wiki iliyofuata taa mpya ilifungwa juu ya mashine yake. Sasa kijana wa Kivietinamu husimama kushotoni kwake kila asubuhi, glovu amezivua, anapapasa ukingo.