Swali la Ngamia

Mzee aliletwa saa nane za usiku, mwanawe akimshika mkono. Homa ilikuwa imefika siku ya sita. Alikuwa anakohoa, tumbo linaendesha kidogo, na kila akimaliza sentensi moja anatulia kutafuta pumzi. Ana kisukari cha miaka mingi. Mimi ndiye niliyempokea, na kwenye fomu yetu hapa Riyadh kuna swali ambalo sikuwahi kulikuta nilipokuwa nesi Kenya: ndani ya siku 14 zilizopita, umekaa karibu na ngamia?

Mwanawe alisita. Kisha akasema baba ana mazizi nje ya mji, na wiki iliyopita alikuwa akimhudumia ndama mwenye mafua. Sikuendelea na fomu. Nilimvalisha mzee barakoa, nikamwita daktari, na tukamhamishia chumba cha peke yake kabla hata ya kuchukua vipimo.

Ndugu wengi wanaonipigia wanadhani korona ni ile ya 2020 tu. Huku kuna nyingine iliyotangulia. MERS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na korona ya Mashariki ya Kati, ilitambuliwa mwaka 2012, virusi vyake vikapatikana kwa mgonjwa wa Jeddah aliyefariki kwa nimonia na figo kushindwa kufanya kazi. Baadaye ikagundulika kwamba miezi michache kabla yake watu walishaugua Zarqa, Jordan, wakiwemo wahudumu wa hospitali. Tangu hapo wamethibitishwa wagonjwa zaidi ya 2,500 katika nchi 27, wengi wao hapa Saudia, na kati ya kila mia takriban 35 wamefariki. Virusi hivi huishi kwa ngamia wa nundu moja, ambaye mwenyewe hupata mafua tu, na mara nyingi hata hayo hayaonekani. Ndama ndio wanaovitoa kwa wingi.

Kwa binadamu vinashuka chini kabisa kwenye mapafu. Hilo ndilo linalowapotosha wengi. Kipimo cha kwanza cha mzee, kilichochukuliwa puani, kilitoka hakina virusi. Daktari mmoja kijana alitaka tumtoe kwenye chumba cha kutengwa. Muuguzi mkuu wa zamu, mama Mfilipino aliyepitia mlipuko wa MERS wa Jeddah wa 2014, alikataa. Alisema mwenye historia ya ngamia na nimonia ya namna hii hatolewi kwa kipimo kimoja cha puani. Siku ya pili, mzee akiwa ameshawekewa bomba la kupumulia, tulivuta makohozi kutoka ndani ya mapafu. Hapo ndipo virusi vilipoonekana.

Dawa iliyothibitishwa mahsusi kwa MERS haipo, na chanjo haijaruhusiwa bado. Maana yake ni kwamba mgonjwa anavushwa kwa mashine na kwa mikono ya wanaomhudumia, saa baada ya saa, mpaka mwili wake wenyewe uweze. Zamu yangu ilikuwa ya saa 12. Kichwa cha kitanda kimeinuliwa. Kinywa kinasafishwa mara kwa mara, kwa sababu uchafu wa kinywani ukishuka kwenye mapafu unaleta nimonia juu ya nimonia. Oksijeni ilipokataa kupanda tulimlaza kifudifudi, watu watano tukihesabu pamoja, mmoja akiwa ameshika bomba tu wala hafanyi kingine, na akakaa hivyo saa 16. Mashavu, mabega, magoti, kila mahali penye mfupa tuliweka mto laini na kukagua ngozi. Mkojo niliupima kila saa. Ulipoanza kupungua nilijua figo zimeguswa, na kesho yake akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Yote haya unayafanya ndani ya gauni, glavu, miwani na barakoa ya N95 iliyopimwa usoni mwako kuhakikisha haivuji. Hewa ya chumba kile inaingia kutoka koridoni lakini hairudi huko. Inafyonzwa na kutolewa nje. Hatari kubwa ni pale unapovuta makohozi au bomba linapowekwa, maana matone madogo sana hutawanyika. Lakini nitasema ninachokiamini kwa dhati: wauguzi wengi huambukizwa wakati wa kuvua. Umechoka, una jasho, unataka hewa. Usiku mmoja mkono wangu ulishaigusa barakoa nikiwa bado ndani, na mwenzangu akagonga kioo kwa nguvu. Tangu hapo huwa najisemea kwa sauti: glavu, nawa, miwani, gauni, nawa, toka, funga mlango, ndipo barakoa, nawa tena.

Sisemi haya kutisha watu. MERS haisambai mtaani kirahisi kama ile korona nyingine. Inapenda nyumba ya mgonjwa, na zaidi ya hapo inapenda hospitali isiyouliza maswali. Korea Kusini mwaka 2015 msafiri mmoja alitoka Mashariki ya Kati, akazunguka hospitali kadhaa kabla hajatambuliwa. Mlolongo ulioanza kwake ulifikia wagonjwa 186, na 38 wakafariki. Jirani wa kitanda, mlezi wa usiku, nesi. Swali moja lingeulizwa mlangoni, huenda wengi wa waliofariki wangekuwa hai.

Mzee alikaa nasi wiki tano. Alikuwa akiniita "ya binti", neno lile lile la kwetu, na siku bomba lilipotolewa sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu. Nilimsogelea nikidhani anaomba maji. Alikuwa anauliza hali ya ndama. Mwanawe, nyuma ya kioo, alimwonyesha kwa mkono kwamba ni mzima, na mzee akalia.

Nilimwelewa kabisa. Mimi ni mtu wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Nimesomeshwa kwa madumu ya maziwa ya ngamia ambayo mama huyapokea alfajiri na kuyapeleka stendi yasafirishwe Nairobi. Ngamia wa kwetu wana kingamwili za virusi hivi, yaani alama kwamba walishavipata, tangu zamani, hata damu ya ngamia wa Somalia iliyohifadhiwa tangu 1983 ilikutwa nazo. Wachungaji wa Marsabit waliopimwa, wachache walikutwa na virusi bila kuugua. Wataalamu wanasema aina iliyoko Afrika inatofautiana kidogo na ya huku. Mimi bado natamani kila zahanati kutoka Isiolo hadi Mandera imuulize mgonjwa wa nimonia swali lile la ngamia, na kila anayekamua anawe mikono kwa sabuni.

Mama nimemweleza yote, na kwamba maziwa ayachemshe. "Mwanangu, nyanya yako aliyanywa mabichi akafika miaka tisini," ananijibu. Namwambia, "Ni kweli, Mama, lakini wewe una sukari." Hapo hunyamaza. Sasa ya kunywa anayachemsha. Susa, maziwa ya ngamia yaliyoganda, bado anaigandisha kwa maziwa mabichi, anasema ikichemshwa haiwi susa. Ijumaa sina zamu, nitampigia tena.