Kusi imeshaingia

Jamani kusi, huu upepo wa kusini, imeshaingia. Tangu juzi mvua inaanza alfajiri, upepo kwanza, mabati yanalia, halafu maji hayo mpaka huskii adhana, na ikifika saa nne jua linawaka kama hakukuwa na kitu. Hiyo ndiyo mvua ya mwaka, na Mei ndio mwezi wake, hakuna mwezi mwengine Mombasa inapata maji hivi.

Rafiki yangu wa bara aliniuliza masika yenu huanza lini, nikamwambia sisi twahesabu pepo. Mjomba wangu mvuvi kalenda hana haja nayo kabisa. Disemba mpaka Machi ni kaskazi, kavu, bahari shwari, joto la kukosesha usingizi, na ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi hapa Bandari ya Kale na tende zao, wanauza, wananunua boriti za mikoko, halafu wangoja pepo zigeuke ndio warudi kwao.

Zikigeuka ndio hii kusi, inatoka baharini upande wa kusini mashariki imebeba unyevu wote ule. Na kitu nakipenda zaidi ni kuwa haikomi kwetu, inavuka ikweta, inapinda ikipita Somalia, inakata bahari ya Arabuni na mwanzo wa Juni hivi inafika Kerala kule India, huko ndio wanaita monsuni. Yaani mvua yetu ikianza kupungua yao ndio inaanza, upepo ni ule ule! Hata hilo neno monsuni na letu la msimu yote yametoka kwa Kiarabu, mausim.

Julai kusi bado itavuma sana lakini mvua si nyingi, ni kipupwe, bahari chafu, vidau havitoki nje ya mwamba na samaki bei inapanda.

Vuli ndio inaniogopesha. Hiyo inategemea joto la bahari, upande wetu ukipata joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra kule Indonesia ukipoa inakuja kwa fujo, kama 2019 na 2023. Hiyo ya 2023 maji yalituingia ndani usiku, tukapandisha watoto juu ya meza, na mtaro nje umejaa taka mpaka juu. Mitaro izibuliwe sasa jamani, si Oktoba.

Mjomba ashavuta dau lake juu mchangani, leo yuko barazani anashona nyavu.